Tunisia ya Wawili: Mawe, Vijiwe na Mazungumzo Marefu

Ukiwaambia watu unakwenda Tunisia na mumeo, wote wanafikiria Hammamet, hoteli ya ufukweni na kujianika juani. Jamani, sisi watu wa Dar bahari tunayo, tena ya uvuguvugu! Mimi nilitaka magofu ya Warumi. Mume wangu alinicheka, lakini akakubali.

Ujue kwanza kwamba jina la bara letu limetoka huku. Warumi walipoiteketeza Carthage mwaka 146 kabla ya Kristo, jimbo lao jipya waliliita Africa, na baadaye jina likaenea bara zima. Ngano na mafuta ya zeituni vililitajirisha, na pesa hiyo ndiyo unayoiona kwenye mawe.

Anzia El Jem. Treni ya Tunis kwenda Sfax inasimama hapo hapo. Unashuka kwenye mji mdogo wa kawaida kabisa, wanaume wanakunywa kahawa barazani, halafu mwisho wa barabara unakutana na ukuta wa mita 36! Ni uwanja wa mapigano wa karne ya 3, uliochukua watazamaji kama 35,000, yaani zaidi ya nusu ya Uwanja wa Mkapa. Chini kuna vijia walimofungiwa wanyama na wapiganaji. Tulipita humo bila kusema neno. Upande mmoja umebomoka, si kwa uzee bali kwa amri ya Mohamed Bey mwaka 1695, maana waasi walikuwa wameugeuza ngome.

Makumbusho ya Bardo, mjini Tunis, yamepitia mengi. Mwaka 2015 magaidi waliua watu humo ndani, na mwaka 2021 yalifungwa hadi Septemba 2023. Lakini ukipenda urembo wa nyumba, utachanganyikiwa: sakafu nzima nzima za vijiwe vya rangi, zilizobanduliwa kwenye nyumba za matajiri na kutundikwa ukutani.

Moja, iliyotoka Dougga, inamwonyesha Ulysses amefungwa kwenye mlingoti wa jahazi lake, ili asizifuate sauti za viumbe nusu wanawake nusu ndege. Huyu bwana alikaa mbali na mkewe miaka 20. Mume wangu aliitazama muda mrefu. Miezi miwili kabla alikuwa amepewa kazi Doha, mkataba wa miaka miwili, na mimi ningebaki. Nyumbani suala hilo tulilizunguka kama sufuria ya moto.

Kesho yake tukaenda Dougga yenyewe, kilomita kama 110 kutoka Tunis. Kusema ukweli, hapa ndipo pazuri kuliko pote. Mji mzima uko juu ya kilima, mizeituni chini yake, hekalu la mwaka 166 au 167 bado limesimama na nguzo zake. Kuna pia kaburi refu la Wanumidia, la kabla ya Warumi. Mwaka 1842 balozi mdogo wa Uingereza alilibomoa ili achukue maandishi yake, ambayo leo yako London. Inaudhi!

Ukumbi wa maonyesho una nafasi 3,500. Nilisimama jukwaani, yeye akapanda hadi safu ya juu kabisa. Kwa sauti ya kawaida tu nikamwuliza, "Na nikikuambia usiende?"

Alisikia kila neno. Akakaa kimya, kisha akajibu, "Basi leo tuandike jibu pamoja, mke wangu."

Usiku ule tuliandika: miezi sita, si miaka miwili, la sivyo wampe mtu mwingine.

Ukienda, chagua Machi au Aprili. Panda teksi za pamoja hadi Teboursouk, kisha kodi gari dogo likupandishe Dougga, na elewana kabisa na dereva saa ya kuja kuwachukua. Bebeni maji na kofia, kivuli ni cha kutafuta.