Singa za Farasi wa Nordfjord

Upande wa magharibi wa nchi ya Norwei, bahari imepenya kati ya milima na kuingia bara kwa mikono mirefu na myembamba. Mikono hiyo ya bahari huitwa fyodi. Mmojawapo ni Nordfjord, ambao urefu wake wapata kilomita 106. Maji yake ni ya chumvi, walakini mara nyingi yametulia kama maji ya ziwa, na kandokando yake milima imesimama kama kuta. Nyuma ya milima hiyo iko barafu ya Jostedalsbreen, iliyo kubwa kuliko zote katika Ulaya bara, pasipo kuhesabu visiwa. Mashamba ni madogo: ni vipande vya ardhi baina ya maji na mwamba, na vingi vimeinama hata mgeni hustaajabu jinsi plau ilivyoweza kupita.

Katika nchi hiyo ya miteremko ndiko alikositawi farasi wa fyodi. Yeye si farasi mkubwa. Kimo chake begani ni kama sentimita 135 hadi 150, na uzito wake mara nyingi ni kilo 400 hadi 500. Shingo yake ni nene, miguu yake ni imara, na tabia yake ni ya upole. Wengi wao, kama tisa katika kila kumi, wana rangi ya kahawia iliyopauka kama majani makavu. Kwa vizazi vingi farasi huyu alivuta plau, akaburura magogo kutoka misituni, akachukua mizigo mahali ambapo gurudumu halikuweza kufika. Hata watalii waliokwenda kuitazama barafu ya Briksdal walipelekwa kwa magari madogo yaliyovutwa naye.

Alama yake iliyo mashuhuri iko shingoni. Msomaji aliyemwona punda milia mbugani anajua jinsi singa zake, yaani nywele za shingo, zinavyosimama wima kama brashi. Farasi wa fyodi naye huonekana na singa zilizosimama vivyo hivyo, lakini iko tofauti kubwa. Singa za punda milia husimama zenyewe. Za farasi huyu zikiachwa hurefuka, zikawa nzito, zikalala upande mmoja au pande zote mbili kama za farasi wengine. Kusimama kwake ni kazi ya mkono wa mwanadamu.

Tena singa hizo zina rangi mbili. Nywele za kando ni nyeupe, na zile za katikati ni nyeusi au za rangi ya giza. Mstari huo wa giza huanzia katika shungi la paji la uso, ukapita kati ya masikio, ukafuata shingo na mgongo wote mpaka mkiani. Singa zikiwa ndefu na kulala, mstari huo hufichika shingoni. Zikikatwa vizuri, huonekana wazi hata kwa mtu aliye mbali.

Mahali panapofaa kuiona kazi hiyo ni mji mdogo wa Nordfjordeid, wenye barabara ya zamani iliyozungukwa na nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyeupe. Hapo ndipo ilipo nyumba kuu ya farasi wa fyodi, iliyoanzishwa mwaka 1989, na hapo hufanywa maonyesho ya farasi dume kila mwaka wakati wa masika ya huko, vilele vya milima vikiwa bado vyeupe kwa theluji. Kabla ya maonyesho, kila mwenye farasi hushika chanuo na mkasi.

Kazi yenyewe huonekana nyepesi, kumbe yataka ustadi. Kwanza farasi hufungwa mahali patulivu, akapigwa brashi ili vumbi litoke. Kisha singa huchanwa kuelekea juu mpaka zisimame. Mkataji huanza kwa kuzipunguza zote pamoja, tangu mabegani hadi karibu na masikio, akifuata mviringo wa shingo, hata ukingo wake ukawa kama mwezi mchanga. Hapo bado hajafika nusu ya kazi. Sasa huzikata nywele nyeupe za kulia na za kushoto, zikawa fupi kidogo kuliko zile za katikati, ili mstari mweusi ubaki umeinuka peke yake. Shungi la usoni huachwa lianguke kama lilivyo.

Kila baada ya kukata kidogo, mkataji hurudi nyuma hatua kadhaa na kutazama. Hapana budi afanye hivyo, kwa sababu mkasi ukizidisha hapana dawa ila kungoja majuma mengi nywele ziote tena. Farasi naye lazima awe amezoezwa tangu utotoni. Kukatwa nywele hakumwumizi, lakini mlio wa mkasi karibu na sikio humtisha asiyeuzoea, naye akirusha kichwa, kazi yote huharibika. Kwa hiyo mwana farasi huguswa shingoni na masikioni mara kwa mara, kwa sauti ya upole, muda mrefu kabla ya kukatwa mara ya kwanza.

Walakini mkasi huweza pia kusema uongo. Mtu mjanja aweza kuziacha nywele za katikati ya shingo ziwe ndefu zaidi, na shingo nyembamba ikaonekana nene. Kwa sababu hiyo waamuzi wa maonyesho hawaishii kutazama singa. Hutazama miguu, umbo na mwendo, na tena humpima farasi kwa tabia yake.

Uangalifu huo una sababu katika historia. Mwishoni mwa karne ya 19, wafugaji wengi walitamani farasi mkubwa zaidi kwa kazi za shamba. Wakaanza kuchanganya farasi wa fyodi na farasi wa Døle, ambaye ni mkubwa zaidi, kutoka mabonde ya mashariki ya Norwei. Farasi dume mmoja chotara, jina lake Rimfakse, alisifiwa sana na kutumiwa sana. Lakini baadaye wafugaji waliona kwamba uzao wake haukufuata rangi wala umbo la wazee wao. Kwa tamaa ya kimo walikuwa karibu kupoteza farasi aliyeiweza milima yao.

Mwaka 1907 wafugaji waliamua kuiondoa damu hiyo ya kigeni katika ufugaji wao. Uamuzi huo haukuwa mwepesi, maana mtu aliyekuwa na farasi chotara mzuri alitakiwa kuacha kumzalisha. Mfugaji yeyote wa ng'ombe ataelewa uzito wa jambo hilo. Wakairudia nasaba ya asili, hasa uzao wa farasi dume aliyeitwa Njål, aliyezaliwa mwaka 1891. Farasi wa fyodi wa leo huhesabiwa kuwa wa ukoo wake. Wazee walisema kweli: mwacha asili ni mtumwa.

Hatari ya pili ilikuja baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, wakati trekta zilipoenea na farasi wakapungukiwa na kazi. Farasi wa fyodi hakutoweka, bali alipata kazi nyingine. Siku hizi hupandwa kwa matembezi, huvuta magari mepesi, na upole wake humfanya afae kwa watoto na kwa watu wenye ulemavu wanaojifunza kupanda. Hufugwa pia Denmark, Ujerumani, Marekani na kwingineko.

Hata huko mbali na milima yake, wengi wa wanaomfuga huendelea kuzikata singa zake kama zikatwavyo Nordfjord. Mkasi haukumwokoa farasi huyu; aliokolewa na watu waliokubali hasara ili wasipoteze asili yake. Lakini kila baada ya majuma machache nywele hurefuka, mstari mweusi hufichika, na mwenye farasi hulazimika kuchukua tena chanuo na mkasi na kuufunua.