Kisu nilichonunua mimi



Ijumaa tukipikia watu wa kesha, mama mchungaji alijikata kidole akikata sukuma wiki. Mpini ulilegea, kisu kikamgeukia. Kisu chenyewe nilikinunua mimi, kwa sababu kilikuwa kinang'aa na bei ilikuwa chini. Damu ile ilinihubiria.

Jumatatu nikaenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali. Mmoja akanipa kisu alichofua kutoka kwa springi ya gari, cheusi, hakina sura. Akasema nianze na mpini: chuma kipite ndani mpaka mwisho na kishikwe na riveti, si kipande kifupi kilichochomekwa kwenye plastiki. Chuma hicho kitashika kutu usipokipangusa, lakini makali hukaa. Changu cha kung'aa hakikushika kutu, ila kila wiki kilikuwa butu, naye akazidi kukikandamiza. Ndipo kikateleza.

Mhubiri 10:10 inataja chuma butu. Nimeihubiri mara ngapi, na jikoni kwangu sikuwahi kuangalia?

Kidole kinapona, asanteni kwa maombi. Kisu kipya kimefika. Mama amesema vitunguu nitakata mimi.