Kunguru Mgeni, Adui wa Makinda

Ukilala mjini Unguja huhitaji jogoo wa kukuamsha. Kunguru watakuamsha. Wako juu ya mabati, juu ya nyaya za umeme na juu ya miti ya Forodhani. Sokoni Darajani wanangoja matumbo ya samaki.

Sasa tazama miti hiyo vizuri. Kunguru ni wengi, lakini ndege wadogo ni wachache mno. Wamekwenda wapi?

Kunguru huyu si mwenyeji. Kwao ni Bara Hindi na nchi za jirani. Kunguru wetu wa asili ni mkubwa zaidi, na kifua chake ni cheupe. Huyu mgeni ni mdogo kidogo. Ni mweusi, na shingo yake ni ya kijivu. Aliletwa Unguja mnamo mwaka 1891, Zanzibar ilipokuwa chini ya himaya ya Waingereza. Aliletwa ili ale taka za mjini. Wakubwa wa wakati ule waliona wamepata mfagizi wa bure.

Mfagizi huyo alizaana. Kufikia mwaka 1917 serikali ya Unguja ilikwisha kumhesabu kuwa ndege mharibifu. Wala hakuishia kisiwani. Mwaka 1947 alionekana Mombasa. Leo yuko Dar es Salaam, Tanga na miji mingine ya pwani. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru hao milioni 1. Wahenga walisema kweli: kunguru hafugiki.

Ubaya wake ni huu: anakula mayai na makinda ya ndege wengine. Mara nyingi huja wawili au zaidi. Mmoja humchokoza mama mpaka atoke kiotani kumfukuza. Mwenzake hupita nyuma na kubeba kinda. Kinda hana manyoya, wala hawezi kuruka. Kunguru atarudi tena na tena mpaka kiota kibaki kitupu. Mnana, chozi, shore na tetere wote hupata hasara hiyo.

Mkulima atauliza, "Ndege wadogo wananihusu nini? Si ndio wanaokula mpunga wangu?" Ni kweli, wapo wanaokula nafaka. Lakini wengi hula wadudu. Hata miongoni mwa wala mbegu, wengi huwalisha makinda yao viwavi na panzi. Kila kinda anayeliwa kiotani huacha viwavi wengi shambani.

Kutoka mjini, shika barabara ya kusini mashariki. Baada ya kilomita 35 hivi utafika msitu wa Jozani. Msitu huu ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Ingia ndani, kisha usimame kimya. Kelele za kunguru zimekwisha. Utasikia ndege wa kila namna, na utaona kima punju wakirukaruka matawini. Kunguru mgeni hapendi msitu mnene. Hukaa penye watu, kwa sababu watu ndio wanaomlisha.

Endelea mbele mpaka kijiji cha Paje, pwani ya mashariki. Hapa nyumba ni nyingi, na kunguru nao wapo tena. Nilimkuta bibi mmoja akianika mwani. Kando yake palikuwa na tenga kubwa, na chini ya tenga vifaranga 9.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimwuliza kwa nini amewafungia. Akanijibu, "Bwana Shamba, walikuwa 11. Wawili wamechukuliwa asubuhi moja, nami nimekaa hapa hapa. Watatoka watakapokuwa wazito kuliko mwizi wao."

Bibi huyo amefanya vema. Nasi tufanye haya:

1. Tufukie taka. Matumbo ya samaki, mabaki ya nyama na chakula kilichooza visiachwe wazi. Jaa la taka liwe na mfuniko au lifukiwe kila siku.

2. Tufunike vifaranga kwa tenga au wavu katika wiki 6 za kwanza. Tuwawekee maji na chakula humo ndani, mahali penye kivuli.

3. Tuondoe viota vya kunguru mgeni kabla mayai hayajaanguliwa. Hutaga mayai 3 mpaka 5. Kiota chake ni cha vijiti, na mara nyingi utaona vipande vya waya ndani yake. Kwanza hakikisha mwenye kiota ana shingo ya kijivu. Kunguru wa kifua cheupe aachwe.

4. Tusitege sumu. Sumu ya kunguru ni kazi ya wataalamu wa serikali. Ukiitega mwenyewe, unaweza kuua kuku wako, mbwa wa jirani, au hata mtoto.

5. Tuwafundishe watoto kuacha manati. Ndege mdogo ana adui wa kutosha.

Kijiji kimoja kikifanya hivi na cha pili kisifanye, kunguru atahama tu. Kwa hiyo jambo hili lizungumzwe katika mkutano wa kijiji, na siku ya kusafisha mazingira ipangwe kwa pamoja. Kunguru aliletwa kwa sababu ya taka, na ni taka zinazomweka mpaka leo. Tukimnyima chakula hicho, idadi yake itapungua, na makinda wa ndege zetu watapata nafasi ya kuota mabawa.