Samahani Niliyoiweka Kwenye Status



Mfunguo Mosi umeingia, harusi zimefuatana, na simu yangu imejaa maombi ya piko. Nimekuwa nikijibu kwa ufupi tu kwamba piko sichori tena, natia hina peke yake. Baadhi yenu mmeuliza kwa nini. Jibu ni refu kidogo na lina aibu yangu ndani yake.

Miaka mitatu nyuma nilimchora bi harusi mmoja usiku wa Jumatano, mikono mpaka karibu na viwiko, miguu mpaka juu ya vifundo. Hina pembeni, katikati maua ya piko, nyeusi tii kama alivyotaka. Ijumaa alfajiri mama yake akanipigia: mikono ya mwanawe inawasha na imevimba. Nikamwambia ampake mafuta ya nazi. Jumamosi malengelenge yalikuwa yameshafuata michoro yangu ua kwa ua, jani kwa jani. Binti wa watu alikaa ukumbini na glavu.

Piko ile si mmea, shoga zangu. Ni rangi ya nywele, na weusi wake unatokana na kemikali iitwayo PPD. Ikipakwa kwenye ngozi inaweza kuiunguza, na mwili ukishaikataa mara moja, mara nyingi huikataa maisha yote. Jina la PPD sikulijua wakati ule, lakini siwezi kusema sikujua kitu. Wiki mbili kabla, mteja mwingine alilalamika kuwashwa na pakiti zile zile. Nilimwambia ni joto.

Jumapili picha za mikono zikaanza kuzunguka kwenye magrupu. Nikaingiwa na hofu, nikaweka status: "Kwa wateja wetu wapendwa, tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Tafadhali kumbuka kila ngozi ina tabia yake."

Nafanya kazi peke yangu, na mdogo wangu ananisaidia kukoroga hina, lakini siku ile nikawa "sisi". Mkono wa mtu umeungua, mimi nauita usumbufu. Na ule mstari wa ngozi ndio unaonitia haya mpaka leo, maana niliomba radhi na kumshtaki mgonjwa kwa pumzi moja. Hata saa haikupita, mama mdogo wa bi harusi akanijibu: "Sisi tunauguza mtu, wewe unaongea na wateja."

Alikuwa amesema kweli. Ujumbe ule haukumwendea aliyeumia. Uliwaendea waliokuwa wameshaweka nafasi kwangu.

Hata wakubwa wenye wanasheria wao huangukia hapo hapo. Aprili 2017, huko Chicago, shirika la ndege la United lilitaka viti vinne kwa ajili ya wafanyakazi wa ndege. Abiria mmoja aliyekataa kushuka akaburutwa na walinzi wa uwanja, damu zikimtoka, wenzake wanamrekodi kwa simu. Mkuu wa shirika, Oscar Munoz, kesho yake akaomba radhi kwa kulazimika kuwapangia abiria safari nyingine. Mtu kaburutwa, yeye anazungumzia kupanga safari! Watu walikasirika zaidi ya walivyokasirika mwanzo. Siku iliyofuata ndipo akasema hakuna mtu anayestahili kutendewa vile na kwamba jukumu ni lao. Kabla mwezi haujaisha wakabadilisha na taratibu zenyewe, hata malipo ya anayekubali kuacha kiti chake yakaweza kufika dola 10,000. Mimi naona hapo ndipo msamaha ulipoanza kuwa na uzito, ingawa ulikuwa umechelewa.

Sisi tulishafundishwa haya madrasa. Imam Nawawi ameeleza masharti ya toba: kuacha kosa, kujuta, na kuazimia kutorudia. Ikiwa kosa linahusu haki ya mja, linaongezeka sharti la nne, kumrudishia mwenye haki haki yake au kumwendea akusamehe. Nilikuwa nimeleta istighfari nyingi usiku ule. Kwa mwenye mikono sikuwa nimekwenda.

Nilimwomba shangazi yangu anisemee, kama desturi yetu. Akanambia, "Nitakusindikiza mpaka ndani, lakini mdomo ni wako. Na usilie. Ukilia, watakuacha mikono ya mtoto wao wakubembeleze wewe."

Mama mtu alitukaribisha, tukakaa. Kahawa haikuja. Nikasema: "Mama, nilimchora mwanao kwa rangi ya nywele. Nilishalalamikiwa kabla yake, nikapuuza. Uliponipigia, nikakwambia jambo nisilolijua. Ngozi yake haina kosa, kosa ni langu." Nikaweka mbele yake shilingi 80,000 alizonilipa, nikaomba risiti za hospitali na za dawa nizilipe. Alizileta. Nilitamani kuongeza kwamba nina watoto na hii ndiyo riziki yangu. Nikaumeza ulimi.

Akazihesabu pesa, akasema, "Hizi tumezipokea. La mikono si langu, ni lake." Mwenyewe alikuwa chumbani. Hakutoka.

Usiku ule nikaifuta status ya mwanzo, nikaandika nyingine: nilitumia nini, inaweza kudhuru vipi, na kwamba aliyechorwa na mimi mwezi ule akiona kuwashwa aende hospitali, gharama juu yangu. Jina la bi harusi sikulitaja. Niliowachora kwa pakiti zile walikuwa 11, nikawapigia mmoja mmoja. Wawili walikuwa wanawashwa na hawakuwa wameniambia. Maharusi wanne wakaghairi kazi, na sikumbembeleza hata mmoja kwa punguzo. (Punguzo kama fidia silielewi kabisa. Umemuumiza mtu, halafu unamwomba arudi kwako kwa bei nafuu?)

Baada ya miezi kama mitano simu ikalia, ujumbe wa sauti. Alikuwa yeye. Hakunisalimia kwa jina. Aliuliza kama anaweza kupaka rangi ya nywele, kwa sababu kuna harusi ya wifi yake. Nikamjibu asipake rangi yoyote mpaka amuone daktari wa ngozi, amweleze yote, na nikampa jina la kemikali herufi kwa herufi ili aisome kwenye pakiti.

Akajibu, "Haya, ahsante." Hajasema amenisamehe, na mimi sijamuuliza.