Siku za Kwanza Juu ya Jukwaa la Mafuta

Iwapo wewe au kijana wako mmepata kufikiri juu ya kazi ya kuchimba mafuta baharini, fuatana nami leo hadi Aberdeen, mji wa mashariki ya Uskoti uliojengwa kwa mawe ya rangi ya kijivu. Huko kazi hiyo imekuwa desturi ya nyumba nyingi, kama uvuvi ulivyo desturi ya Kilwa. Mwaka 1970 mafuta mengi yaligunduliwa chini ya Bahari ya Kaskazini, mahali paitwapo Forties, kilometa 180 hivi kutoka mji huo, na mwaka 1975 yakaanza kufika nchi kavu kwa bomba. Mji uliokuwa ukisifika kwa samaki ukageuka kuwa kituo cha mafuta, na vijana waliozoea nyavu wakajifunza kushika mabomba.

Usidhani kwamba mtu huomba kazi leo, akapewa buti, na kesho yake akaondoka. Kwanza utapimwa na daktari, na bila cheti chake hakuna safari. Kisha utaingia chuoni kwa siku tatu hivi, ujifunze kuzima moto, kutoa huduma ya kwanza, kuingia katika mashua ya kuokolea watu, na jambo ambalo wengi hulikumbuka kuliko yote: namna ya kutoka katika helikopta iliyozama.

Mafunzo hayo hufanyika katika bwawa. Utaketishwa ndani ya chombo kilichotengenezwa mfano wa helikopta, ukifungwa mkanda kifuani na kiunoni, kisha chombo kitashushwa majini polepole mpaka maji yafike shingoni. Vuta pumzi. Mara chombo kizima kinapinduka juu chini, maji yanapenya puani, na hujui tena ipi ni mbingu na ipi ni nchi. Siri yake ni mkono mmoja. Kabla ya kuzama umeshika ukingo wa dirisha, nawe huuachilii hata uone nini. Chombo kikitulia, unalisukuma dirisha, unafungua mkanda kwa mkono wa pili, na ule mkono wa kwanza unakuongoza nje. Anayekimbilia kufungua mkanda mapema huelea ovyo ndani ya chombo na kupotea. Mwenzangu uliyekulia Dodoma au Tabora, usione haya ukiogopa. Hata watoto wa pwani hutoka bwawani macho yamewatoka. La muhimu ni kumwambia mwalimu mapema kwamba hujui kuogelea, maana wapiga mbizi wamewekwa kando yako kwa ajili hiyo hasa.

Siku ya safari utafika uwanja wa helikopta alfajiri. Utapimwa uzito wewe na mfuko wako, na utaulizwa kama una kiberiti, maana hakiruhusiwi. Pombe nayo haipandi, wala haipo huko uendako. Tangu mwaka 2015 hata upana wa mabega hupimwa; mwenye mabega yanayozidi sentimeta 56 hivi huketishwa karibu na dirisha kubwa linalomtosha kutokea. Kisha utavalishwa vazi la mpira linalobana shingo na vifundo vya mikono kiasi cha kukufanya uhisi unanyongwa. Livumilie. Maji ya bahari ile ni baridi kali, na mtu aliyetumbukia bila vazi hilo huishiwa nguvu za mikono katika muda wa dakika chache.

Jukwaa lenyewe utaliona kwanza kama kiti kilichosahauliwa katikati ya maji. Likikaribia huwa kiwanda kizima kilichopandishwa juu ya miguu ya chuma, pamoja na mnara, winchi, na mwali wa gesi unaowaka pembeni mchana na usiku. Ukishuka, upepo utakusukuma. Halafu utatazama chini na kuona kwamba sakafu ya njia nyingi ni wavu wa chuma, na kati ya matundu yake mawimbi yanavunjika mbali sana chini ya buti zako. Wengi husimama hapo kidogo, wakijifanya wanafunga kamba za viatu.

Katika majukwaa mengi mgeni huvikwa kofia ngumu ya rangi ya kijani, ili kila mtu ajue kuwa huyu bado hajaizoea nchi. Usiione kuwa ni fedheha. Kofia hiyo humfanya mtu asiyekujua akushike bega na kukuondoa chini ya mzigo unaoning'inia. Hutapewa kazi kabla hujaonyeshwa mashua yako ya kuokolea, mahali pa kujikusanyia king'ora kikilia, kadi yako ya kuhesabiwa, na njia mbili za kutoka chumbani mwako gizani. Zipite njia hizo kwa miguu yako, tena ukihesabu milango.

Kazi za mwanzo ni za chini: kusugua sitaha, kupaka rangi, kupokea mizigo inayoletwa na meli, kuongoza kwa kamba mzigo unaoshushwa na winchi. Ukipata nafasi ya kutazama uchimbaji wenyewe, utaona mabomba yenye urefu wa meta tisa hivi yakiunganishwa moja baada ya jingine, na keekee ikizunguka mwishoni mwake ndani kabisa ya ardhi. Tope maalumu husukumwa ndani ya mabomba, hutokea kwenye keekee, na hurudi juu likichukua vipande vya mwamba. Lakini tope hilo halisafishi kisima tu. Uzito wake ndio unaoigandamiza gesi na mafuta yasifumke kabla ya wakati wake. Kwa hiyo usishangae kuona watu wazima wakilikodolea macho tope linalorudi kama mama anayechungulia chungu cha maziwa.

Zamu ni ya saa kumi na mbili, kila siku, bila Jumapili. Hata hivyo sitakudanganya kwamba ugumu wa mahali hapa umo katika nguvu za mikono. Umo katika karatasi na mdomo. Kabla ya kufungua bomba au kuwasha moto wa kuchomelea, lazima kuwe na kibali cha kazi kilichoandikwa na kutiwa sahihi. Na zamu ikibadilika, anayeondoka humweleza anayeingia jambo lililofanyika na lililobaki. Mgeni huyaona haya kuwa ni urasimu. Nami ningeyaona hivyo, kama si habari ya Piper Alpha.

Jukwaa hilo lilikuwa kilometa 190 hivi kaskazini-mashariki ya Aberdeen. Mchana wa tarehe 6 Julai 1988 pampu moja kati ya mbili ilisimamishwa kwa matengenezo. Vali yake ya usalama iliondolewa, na mahali pake pakazibwa kwa kifuniko cha chuma. Jioni ikaingia kazi haijamalizika. Karatasi ya kueleza kwamba vali haipo ilikuwapo, lakini habari yake haikuwafikia watu wa zamu ya usiku. Ilipokaribia saa nne usiku pampu ya pili ikazimika, nao, kwa nia njema kabisa, wakaiwasha ile ya kwanza. Gesi ikavuja, ikalipuka. Wengi walikusanyika katika jengo la malazi kama walivyofundishwa, wakingojea helikopta ambazo moshi ulizizuia kutua. Baadhi ya waliookoka ni wale waliokata shauri kuteremka kwa kamba au kuruka baharini kutoka juu. Watu 167 walikufa, wakiwamo wawili waliokuja na mashua kuwaokoa wenzao; 61 wakapona. Jaji Cullen aliyeongoza uchunguzi alitoa mapendekezo 106 mwaka 1990, na desturi nyingi utakazokutana nazo leo zimetokana nayo. Majina ya waliokufa yamechongwa katika bustani ya Hazlehead hapo Aberdeen, chini ya sanamu za wafanyakazi watatu wa shaba. Ukipata nusu siku kabla ya safari yako, nenda ukayasome.

Ndiyo maana siku ya kwanza utaambiwa neno ambalo kwa malezi yetu ni gumu kulimeza: kwamba wewe, mwenye kofia ya kijani, una haki ya kusimamisha kazi yoyote unayoiona kuwa ya hatari, hata kama anayeifanya ana umri wa baba yako. Sisi tumefundishwa kunyamaza mbele ya wakubwa. Huko mkubwa wa jukwaa huitwa kwa jina lake tupu, bila Bwana wala Mzee, nawe utaona ulimi wako unakataa. Uzoeshe. Kuuliza, "Hii vali iko wapi?" si utovu wa adabu.

Kuhusu chakula, sina la kulalamika. Bwalo lina nyama, mboga, keki na samaki wa kukaanga, na watu hunenepa. Nguo chafu huziweka katika mfuko wenye namba, nazo hurudi safi. Chumba hulaliwa na wawili au zaidi, na mara nyingi mwenzako yuko kazini wakati wewe umelala, hivyo pazia halifunguliwi kamwe. Simu yako ya mkononi utaiacha ndani, kwa kuwa cheche yake haitakiwi penye gesi.

Sasa niseme na mama wa nyumbani, maana yeye naye anaajiriwa siku hiyo bila kutia sahihi. Mumeo atakuwa mbali majuma mawili au matatu, kisha atakaa nyumbani muda kama huo, mwaka mzima. Mtoto ataugua yeye akiwa hayupo. Utajifunza kuamua peke yako juu ya ada, bomba lililopasuka na mgeni aliyekuja bila taarifa. Na baba akirudi atataka kuamua tena, huku watoto wakikutazama wewe kwanza. Zungumzeni jambo hili kabla hajapanda helikopta. Mshahara ni mzuri, lakini haulijibu.

Hapa kwetu habari hizi si ngeni kabisa. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikafika Dar es Salaam mwaka 2004. Kuanzia mwaka 2010 meli za uchimbaji zilikuta gesi nyingi katika bahari ya kina kirefu mbele ya Mtwara na Lindi. Visima vya kwanza vikaitwa Pweza, Chewa na Chaza, kisha vikaja Zafarani, Lavani na Tangawizi, kana kwamba waliovipa majina walikuwa na njaa. Zafarani ulichimbwa mwaka 2012 penye maji ya kina cha zaidi ya meta 2,500. Sifa hizo zimewaamsha na matapeli. Ukipata barua inayokupa kazi ya jukwaani bila kuonana na mtu, ikikudai fedha za viza au za cheti kwanza, ichane. Mwajiri wa kweli hamuuzii mtu kazi.

Siku ya mwisho utaliona jina lako ubaoni katika orodha ya wanaorudi. Mfuko utakuwa mlangoni tangu usiku, na kifungua kinywa hakitapita kooni. Kisha ukungu utaifunika bahari, helikopta haitaondoka Aberdeen, na jina lako litahamishiwa kesho. Utakwenda kwenye simu kumweleza mama watoto, nawe utakuta foleni ndefu ya wanaume wenye mifuko.