TAA ZA WAVUVI WA BUJUMBURA

Msafiri atokaye Kigoma kwa gari, akavuka mpaka wa Manyovu na kuteremka hadi Nyanza-Lac, huandamana na Ziwa Tanganyika mkono wake wa kushoto mpaka aingiapo Bujumbura. Hupita Rumonge yenye michikichi, hupita vijiji ambavyo ndagala huanikwa juani, na akiwa mtu wa Kigoma hatambui tofauti kubwa ila majina: huku dagaa ndiyo ndagala, na mgebuka ndiyo mukeke. Mji huu uliitwa Usumbura hadi uhuru wa mwaka 1962. Ingawa makao makuu ya kisiasa yamekuwa Gitega tangu mwaka 2019, biashara na bandari zimebaki hapa ufukoni.

Sikwenda kwa matembezi tu. Shangazi yangu ni mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mji huo. Aliondoka akiwa msichana mwaka 1972, mwaka wa mauaji makubwa nchini humo, akaolewa Ujiji, na hakurudi tena. Aliposikia kwamba ninakwenda, akaniagiza jambo moja. “Majengo sitaki, mwanangu. Niletee taa za wavuvi, nizione.” Macho yake yameanza kuingia mtoto wa jicho, hivyo picha yenye ukungu kwake si picha.

Nilichukua kamera ndogo ya mfukoni, ile ambayo lenzi yake huvuta kitu cha mbali mara 30. Mchana kamera hii ni ya ajabu: ukisimama juu ya vilima vya Kiriri waweza kuuvuta mlima wa Kongo, ng’ambo ya ziwa, ukauona kama uko uani kwako. Stendi ya miguu mitatu niliiacha nyumbani kwa hiari. Ni mzigo, haifai ndani ya mtumbwi, na mtu anayesimika vyuma ufukoni usiku huulizwa maswali mengi. Tena, ndugu msomaji, ifahamike kwamba bandari, kambi, madaraja ya mpakani na majengo ya serikali si vitu vya kuelekezewa kamera, mchana wala usiku. Penye shaka, mgeni hana budi kuuliza kwanza.

Usiku wa kwanza nilifika ufukoni, giza likiwa limekwisha kushika. Mbali kule ziwani taa zilikuwa zimejipanga kana kwamba kuna mtaa mwingine juu ya maji. Niliivuta lenzi hadi mwisho, nikabana pumzi, nikapiga. Nilipiga picha zaidi ya 60. Nilipozitazama chumbani, kila taa ilikuwa imegeuka mnyoo mweupe unaojinyonga katika weusi. Hapakuwa na mvuvi, hapakuwa na mtumbwi, na wala hapakuwa na ziwa.

Sababu yake yaeleweka kwa hesabu ndogo. Wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni kwamba ukishika kamera kwa mkono, muda wa kufyatua usizidi moja ya urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 24 huvumilia sehemu ya 1/24 ya sekunde, lakini ikivutwa mara 30 inakuwa kama ya milimita 720, na hapo hudai 1/720. Mtetemo wa mkono nao huvutwa pamoja na picha. Kibaya zaidi, lenzi za namna hii hufifia zinapovutwa: yangu ikiwa pana tundu lake ni f/3.3, ikivutwa mpaka mwisho ni f/6.4, na kwa hiyo mwanga unaopita hubaki kama robo tu. Na huo mwanga kidogo unaangukia kipande cha kupokea picha chenye upana wa milimita 6 hivi, ambacho eneo lake ni kama sehemu moja ya 30 ya eneo la picha moja ya filamu ya kawaida ya milimita 35. Ukilazimisha kwa kupandisha namba ya ISO hadi 3200, picha hujaa chembechembe kama uji wa mtama.

Kamera nyingi za siku hizi zina kitulizo ndani ya lenzi kinachopambana na mtetemo wa mkono, nacho ni msaada wa kweli. Hata hivyo kinatuliza mkono wa mpigaji tu. Mtumbwi unaoyumba hakiutulizi, wala mtu anayevuta wavu.

Siku ya pili niliitumia Buyenzi, kwa mazoezi. Jioni mtaa huu hauna taa nyingi: balbu mlangoni mwa duka, jiko la makaa, taa ya pikipiki inayopita, fundi wa magari anayemalizia kazi kwa tochi. Niliamua kutovuta lenzi hata kidogo. Ilinibidi sasa nisogee hadi hatua 3 kutoka kwa mtu, na huwezi kusogea hivyo bila kumwamkia. Basi nikaamkia. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga maandazi aliniuliza mimi ni wa nani. Nilipotaja jina la babu yangu akacheka, akasema nisimame upande wa balbu ili nisimzibie mwanga. Hakupata kushika kamera maishani, lakini shauri lake lilikuwa la fundi. Niliegemea nguzo ya baraza, viwiko nikavibana mbavuni, nikatoa pumzi nusu, nikafyatua taratibu kwa 1/15 ya sekunde na ISO 800. Uso wake ulitokea safi, na moshi wa mafuta juu yake.

Ule mtindo wa kamera kupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja niliujaribu pia. Picha 4 zikiunganishwa, chembechembe hupungua kwa nusu. Lakini watu waliotembea walitoka kama mizimu, mguu huku na kichwa kule. Unafaa kwa msikiti au mti.

Jambo lililonitia hofu ni mwezi. Ulikuwa umekwisha fikisha siku 9 na kila jioni ulizidi kung’aa. Wavuvi wa taa hupumzika siku kadhaa mbalamwezi ikikolea, maana samaki hawaifuati taa wakati ziwa lote lina mwanga. Nilikuwa nimebakiwa na usiku mmoja, na gari la kurudi lilikuwa asubuhi.

Nilikwenda alasiri kwenye gati la wavuvi kusini mwa jiji, nikamkuta mzee akishona wavu. Nilimwamkia, nikamweleza habari za shangazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. “Kule mbali hutapata kitu, kijana,” akasema. “Sisi taa tunazijaribu hapa hapa kabla ya kuondoka. Lakini usitumulike na flashi yako, inatupofusha.”

Huo ndio wakati niliokuwa siujui. Bujumbura, ambako saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja, jua huzama nyuma ya milima ya Kongo kwenye saa 12 jioni, na giza huingia haraka kama ilivyo kawaida karibu na ikweta. Kati ya hapo kuna dakika 20 hivi ambazo mbingu ina rangi ya samawati na mwanga wake unakaribiana na wa taa. Mapema kuliko hapo, taa haionekani. Baadaye, huonekana taa peke yake. Nilipiga goti, nikaweka kamera juu ya ubavu wa mtumbwi uliokuwa umevutwa mchangani, chini yake fulana iliyokunjwa, nikatumia kichelewesho cha sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise. Mwanga nikaupunguza kidogo, taa zisiunguze picha. Wanaume 5 walikuwa majini hadi magotini, wakifunga taa kwenye miti iliyounganisha mitumbwi miwili. Kila walipotulia kidogo, nilibonyeza.

Picha 43 nilizipiga jioni ile, na zilizofaa zilikuwa 3. Katika iliyo bora kuliko zote, mvuvi ameinua taa usawa wa kifua na maji ya mbele yake yana weupe wa maziwa. Mzee nilimwonyesha kwenye kioo. Akaniomba moja, nami niliisafishia dukani mjini asubuhi kabla ya kupanda gari.

Shangazi nilimpelekea yake Ujiji, kubwa kama daftari. Aliipeleka dirishani, akaisogeza mpaka ikakaribia kugusa pua, akakaa nayo muda mrefu. Aliwahesabu wanaume kwa kidole. Kisha akaniuliza kwa nini taa hizo hazina tangi la mafuta. Nikamweleza kwamba siku hizi ni taa za betri, karabai zimekuwa chache.

“Kwa hiyo hazivumi tena?” akauliza. “Sisi tulikuwa tukilala tunazisikia.”