Pikipiki Iliyotumika na Aibu Iliyofichwa

Ndugu msomaji, usistaajabu kumwona maalimu wa chuo, mtu wa miaka 60 na kitu, akikuandikia habari za pikipiki. Kwa zaidi ya miaka 30 nimekipanda chombo hicho kutoka Tanga mjini kwenda kusomesha katika vijiji vya njia ya Pangani, na mikono yangu imejifunza mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote nilichosomeshwa. Leo nataka kukueleza habari za mtetemo. Nina deni katika jambo hili, na nitakutajia.

Dada yangu ni mjane. Mwaka huu alinikabidhi fedha alizokuwa akiziweka kidogo kidogo tangu alipofiwa na mumewe, akaniomba nifuatane na mwanawe tukanunue pikipiki iliyotumika, kijana apate kubeba abiria. Fedha za namna hiyo, ndugu yangu, huzihesabu mara mbili na bado mkono ukakutetemeka kabla ya kupanda pikipiki yenyewe.

Muuzaji alikuwa kijana wa Ngamiani. Tulipofika nikaigusa injini, nikaikuta ya moto. Sikupendezwa, kwa kuwa injini iliyokwisha kupashwa moto huficha tabu yake ya asubuhi. Nikamwomba tuiache ipoe, tukaketi tukanywa kahawa. Mpwa wangu akaona namchelewesha. "Mjomba, pikipiki si hii hapa, inawaka!" Nikamwambia kuwaka ni jambo moja.

Yafaa ujue kwanza kwamba si kila mtetemo ni aibu. Pikipiki hizi zetu nyingi ni za silinda moja. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni hupanda na kushuka mara 100 katika kila sekunde, na chuma kinachokwenda namna hiyo hakiwezi kutulia kama maji ya mtungini. Mtetemo wa uzima huongezeka taratibu kadiri unavyoongeza mafuta, na hupungua taratibu unapopunguza. Ni wa kuvuma, kama nyuki. Lakini gurudumu la inchi 17, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, huzunguka mara tisa hivi tu kwa sekunde. Basi ubovu wa gurudumu hauvumi. Wapiga, wakutikisa, karibu waweza kuuhesabu. Ukilijua hili umekwisha kujua nusu ya kazi.

Nusu ya pili ni klachi. Ukiwa kwenye barabara nzuri isiyo na watu, mwendo wa kilomita 50, bana klachi na uachie mafuta. Mtetemo ukifa pamoja na sauti ya injini, tafuta kwenye injini: pengine ni bolti zinazoishika zimelegea, na hilo ni jambo la spana tu, pengine ni beringi za ndani, ambazo huja na mngurumo mzito, na hapo gharama ni kubwa. Mtetemo ukibaki, ukapungua tu kadiri chombo kinavyopunguza mwendo, tazama tairi, ringi, spoki na beringi za magurudumu. Cheni huweza kukudanganya hapa, maana hutikisa wakati inapovuta na hutulia unapobana klachi, nawe ukailaumu injini bure. Kwa hiyo simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, na uitazame cheni. Ikilegea mahali pamoja na kukaza mahali pengine, imekwisha kuliwa.

Nikaipanda mwenyewe mpaka Raskazone. Injini ilikuwa nzuri, sina la kuisema. Lakini nilipopunguza mwendo kutoka 60 kuja 40, usukani ukaanza kucheza mikononi mwangu, kulia na kushoto, mchezo mdogo wa haraka, kisha ukatulia kama kwamba haukuwako. Moyo ukanishtuka, kwani niliujua. Miaka mingi iliyopita niliuuza.

Mwaka 1999 nilimuuzia pikipiki yangu muuza samaki mmoja. Ilikuwa na mchezo huo huo wa usukani. Yule bwana aliijaribu uchochoroni, gia ya kwanza na ya pili, mwendo ambao aibu ile haikutokea. Akaniuliza juu ya injini, nikamjibu nzima, na kweli ilikuwa nzima. Sikusema uongo hata neno moja. Baada ya wiki tatu akaja chuoni, kiwiko kimechubuka, akaniuliza mbele ya wanafunzi, "Maalim, ulikuwa ukijua?"

Nilinyamaza. Watoto wale nilikuwa nimewasomesha mimi mwenyewe kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni, vidole vikatoka na maji, na mwenye mali akasingizia mvua, akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu watu wakaiona. Wanavyuoni wamekwisha kueleza kwamba muuzaji anayeijua aibu ya kitu chake yampasa aitaje, na mnunuzi aliyefichwa ana khiyari ya kurudisha. Haya nilikuwa nikiyasema kila mwaka. Nilimlipa yule bwana gharama ya beringi na ya ufundi, nikamtaka radhi, naye akanisamehe kwa maneno mazuri. Lakini mlango wa biashara nausomesha kwa uzito mpaka leo.

Basi nikarudi Ngamiani. Tukalinyanyua gurudumu la mbele, nikauzungusha usukani polepole. Ulipofika katikati ukanasa kidogo, kama uliokuta kijishimo. Nikamwambia mpwa wangu ashike miguu ya mbele kwa chini, asukume na kuvuta. Akasema, "Mjomba, inagonga." Yule kijana muuzaji akashangaa. "Sheikh, mimi nilidhani ni barabara." Nilimsadiki. Mwenye kukipanda chombo kila siku mikono yake huzoea, na ubovu uliokuja kidogo kidogo yeye ndiye wa mwisho kuujua. Ila wewe msomaji unayejua, unapouza, mpeleke mnunuzi mpaka kwenye mwendo ule ambao chombo chako hutikisika. Usimwachie uchochoroni.

Tukaenda kwa fundi sote watatu. Beringi za shingo zilipotolewa zilikuwa na vialama njiani mwake, kama chuma kilichobonyezwa kwa ukucha. Muuzaji akatoa gharama yake bila ya kuvutana, tukaijaribu tena, tukanunua.

Jioni dada yangu akaniuliza, "Ni nzima?" Nikamweleza kilichobadilishwa na kilichobaki: cheni haina maisha marefu, na tairi la nyuma halitafika mwaka. Akafungua daftari lake, akaniuliza bei ya tairi, akaiandika.